Ielewe komiti kwanza, amri zitafuata

Vijana wengi ninaowasaidia kujifunza kuandika programu huikuta Git, programu inayotunza historia ya mafaili ya mradi, mapema na kuielewa kwa kuchelewa. Siku ya kwanza wanapewa amri tatu: `git add`, `git commit`, `git push`. Wanazikariri. Zinafanya kazi vizuri kwa muda, mpaka siku moja skrini inajaa maandishi mekundu na ujumbe unanifikia: "Kaka, Git imegoma." Nikiuliza ilipogoma mara iliyopita alifanyaje, jibu karibu huwa lilelile. Alifuta folda nzima ya mradi, akapakua nakala mpya kutoka GitHub, tovuti ya kuweka miradi, akabandika mafaili yake juu yake na kuendelea na kazi.

Ndani ya folda ile aliyoifuta kulikuwa na folda nyingine iliyofichwa, inaitwa `.git`. Historia yote ya kazi yake ilikuwa humo, pamoja na zile komiti ambazo bado hajazipeleka popote. Kazi ya jioni nzima inaweza kupotea hivyo, na chombo kilichowekwa makusudi ili isipotee kipo palepale. Simlaumu kijana. Amri zilimfikia kabla hajaelezwa kitu ambacho amri hizo zinakishika. Mimi naamini anayeanza aelewe jambo moja tu, komiti ni nini, aelewe kiasi cha kuweza kuichora kwenye karatasi. Matawi, kuunganisha, kurudi nyuma, kushirikiana na mwenzako aliye mji mwingine, vyote vinatoka humo.

Tuchukue mfano mmoja tuende nao. Vijana wawili wanaandika programu ndogo ya SACCOS, mmoja yuko Iringa na mwingine Mwanza. Programu ina faili linaloitwa `riba.py`, na ndani yake kuna mstari unaokokotoa riba ya kila mwezi:

```
riba = mkopo * 0.015
```

Yaani asilimia 1.5 ya mkopo wote, kila mwezi, hata kama mwanachama ameshalipa sehemu kubwa. Aliyekopa shilingi 1,200,000 kwa miezi 12 atalipa riba ya 18,000 kila mwezi, jumla 216,000. Mstari mmoja wa msimbo, na ndani yake kuna fedha za watu. Ndiyo maana nimeuchagua.

Kijana wa Iringa akiandika `git commit`, Git inachukua picha ya mradi mzima ulivyo wakati huo. Mradi mzima, si mstari uliobadilika peke yake. Wengi hudhani Git inatunza orodha ya mabadiliko, na kwa sababu ya dhana hiyo mambo mengi ya mbele yanawachanganya. Git inatunza hali kamili. Mabadiliko unayoyaona kwenye skrini inayakokotoa papo hapo kwa kulinganisha picha mbili. Faili ambalo halijabadilika halihifadhiwi upya, picha mpya inaelekeza kwenye lile la zamani, kwa hiyo usiogope kwamba diski itajaa.

Komiti yenyewe ni maandishi mafupi sana. Unaweza kuisoma kwa macho yako ukiandika `git cat-file -p HEAD`, na namsihi kila anayeanza afanye hivyo angalau mara moja. Utaona kitu cha namna hii (vitambulisho nimevikata, kwa kawaida kila kimoja kina herufi na tarakimu 40):

```
tree 9f2c41...
parent 4be07a...
author Fundi wa Iringa <iringa@example.org> 1715580000 +0300
committer Fundi wa Iringa <iringa@example.org> 1715580000 +0300

Kokotoa riba kwa salio linalopungua
```

Hakuna zaidi ya hapo. Mstari wa kwanza unaelekeza kwenye picha ya mafaili. Wa pili unaitaja komiti iliyotangulia, yaani mzazi wake. Kisha jina la aliyeandika na wakati: ile namba ndefu ni sekunde tangu 1 Januari 1970, na `+0300` ni saa za Afrika Mashariki, kwa hiyo hiyo ni tarehe 13 Mei 2024, saa tatu kamili asubuhi. Mwisho ni ujumbe. Kitambulisho cha komiti hii kinakokotolewa kutokana na maandishi hayo yote, mzazi akiwemo. Ukigusa herufi moja kwenye komiti ya zamani, kitambulisho chake kinabadilika. Mtoto wake aliyemtaja kwa kitambulisho cha awali naye hawezi kubaki vilevile, wala mjukuu. Huwezi kuibadilisha historia ya mwaka jana kimyakimya huku ya leo ikabaki ilivyo. Kwa programu inayogusa akiba za wanachama, sifa hiyo peke yake inatosha kunifanya niipende Git.

Chora basi. Duara moja, mshale unaorudi kwa mzazi wake, duara jingine, mshale. Mshale daima unaelekea nyuma: mtoto anamjua mzazi, mzazi hamjui mtoto. Mchoro huo ukiwa kwenye karatasi, tuendelee.

`git add` ipo kwa sababu picha hupigwa kwa kile ulichokichagua. Katikati ya mafaili unayoyahariri na historia iliyokwisha kuhifadhiwa kuna eneo la maandalizi, na `add` ndiyo inayoweka vitu pale. Wanaoanza huiona kama kero, wakazoea `git add .` inayobeba kila kitu. Mimi napenda zaidi `git add -p`, ambayo inakuonyesha mabadiliko kipande kwa kipande na kukuuliza kama kila kipande kiingie. Ni njia nzuri ya kusoma kazi yako mwenyewe kabla mtu mwingine hajaisoma. Na inakuwezesha kutenganisha mambo: umebadilisha kanuni ya riba, na wakati huohuo umerekebisha tahajia kwenye ukurasa wa kuingia. Hizo ni komiti mbili.

Kuzitenganisha kunalipa baadaye. Git ina amri ya `git bisect`: unaiambia komiti gani ilikuwa nzima na ipi ina hitilafu, nayo inakuwekea ya katikati uijaribu, kisha ya katikati ya nusu iliyobaki, hivyohivyo. Komiti 1,000 zinachujwa kwa majaribio kama kumi. Ila ikikupeleka kwenye komiti iliyobeba mabadiliko ya wiki tatu yenye ujumbe "marekebisho", bado hujajua lolote.

Hapo kwenye ujumbe nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo ninapoona uvivu mwingi hata kwa watu wenye uzoefu. Picha inaonyesha nini kilibadilika. Kwa nini kilibadilika, hakuna mashine itakayokwambia. Lazima mtu aandike. Kijana wa Iringa alipobadilisha mstari wetu kuwa `riba = salio * 0.015`, alipaswa kuandika hivi:

```
Kokotoa riba kwa salio linalopungua

Wanachama walikuwa wanatozwa riba ya mkopo wote hata baada
ya kurejesha nusu. Mikopo iliyotolewa kabla ya mabadiliko
haya inabaki na kanuni ya zamani.
```

Mstari wa kwanza mfupi, mstari mtupu, halafu maelezo. Miaka miwili baadaye mwanachama atauliza kwa nini mkopo wake wa kwanza ulikuwa na riba kubwa kuliko wa pili. Mkaguzi naye atauliza. `git blame riba.py` itaonyesha kila mstari uliingia na komiti ipi, `git log -S "salio"` itatafuta komiti zilizoliingiza au kuliondoa neno hilo, na jibu litakuwa pale kwa maneno ya mtu aliyekuwepo. Na kama timu yenu inajadiliana kwa Kiswahili, andikeni ujumbe kwa Kiswahili. Nimeona vijana wenye hoja nzuri wakiziacha kichwani na kuandika "fix bug" kwa sababu wanadhani Git inataka Kiingereza. Haitaki. Inahifadhi maandishi ya lugha yoyote, na hoja iliyoelezwa vizuri kwa lugha yako ina faida kubwa kuliko maneno mawili ya kuazima yasiyosema kitu.

Sasa tawi. Watu wanaliogopa, wanadhani ni nakala nyingine ya mradi. Tawi ni jina tu lililobandikwa kwenye komiti moja. Ukifungua faili lililoko `.git/refs/heads/main`, kwa kawaida utakuta herufi 40 za kitambulisho na alama ya mwisho wa mstari, basi. Baiti 41. Ukifanya komiti mpya ukiwa kwenye tawi hilo, jina linasogea hadi kwenye komiti mpya. Ndiyo maana kuanzisha tawi ni jambo la kufumba na kufumbua hata kwenye mradi mkubwa, na ndiyo maana kufuta tawi ambalo kazi yake imeshaunganishwa hakupotezi chochote: umefuta jina, komiti zipo. `HEAD` nayo ni jina jingine, linalosema wewe uko kwenye tawi gani kwa sasa.

Kijana wa Iringa anaanzisha tawi kwa `git switch -c salio-linalopungua` na kufanya komiti yake huko. Wakati huohuo mkutano mkuu wa chama umepitisha riba ishuke hadi asilimia 1.25, na kijana wa Mwanza, akiwa kwenye tawi la `main`, anabadilisha mstari uleule:

```
riba = mkopo * 0.0125
```

Kwenye mchoro wako, kutoka komiti ya pamoja sasa zinatoka njia mbili. Kuunganisha ni kutengeneza komiti yenye wazazi wawili. Git inatafuta mahali njia mbili zilipoachana, kisha inatazama hali tatu: ile ya pamoja ya zamani, ya Iringa na ya Mwanza. Mahali upande mmoja tu umebadilisha kitu, inachukua mabadiliko ya upande huo bila kukuuliza. Mahali pande zote mbili zimegusa mistari ileile kwa namna tofauti, inasimama na kumwita binadamu. Huo ndio mgongano. Programu haijaharibika, wala Git haijagoma. Imefika kwenye uamuzi ambao haina haki ya kuufanya.

Hapa nimeona vijana wengi wakibofya haraka kwenye kihariri: chagua changu, au chagua chake, mekundu yaondoke. Tupige hesabu kwa mkopo wetu wa 1,200,000, mwanachama akirejesha 100,000 ya mkopo kila mwezi. Ukichagua mstari wa Iringa, salio linapungua lakini asilimia ni ya zamani: riba ya mwaka ni 117,000. Ukichagua wa Mwanza, asilimia ni mpya lakini inatozwa kwenye mkopo wote: 180,000. Chama kilikubali yote mawili, salio linalopungua na asilimia 1.25, na mstari sahihi ni huu:

```
riba = salio * 0.0125
```

Riba ya mwaka inakuwa 97,500. Mstari huo hauko upande wowote kati ya pande mbili. Hakuna kitufe cha kuuchagua. Lazima mtu asome, aelewe kila mmoja alikusudia nini, aandike. Kwa kazi hiyo, weka mpangilio huu mara moja kwenye kompyuta yako:

```
git config --global merge.conflictStyle diff3
```

Bila huo, alama za mgongano zinakuonyesha pande mbili tu. Ukiwa nao, katikati inaonekana pia hali ya pamoja ya zamani, `riba = mkopo * 0.015`, na papo hapo unaona mmoja alibadilisha `mkopo` na mwingine alibadilisha asilimia. Sielewi kwa nini hausisitizwi zaidi kwa wanaoanza. Na kama ujumbe wa komiti uliandikwa vizuri, sababu za kila mmoja unazisoma kwa `git log --merge`, huhitaji hata kumpigia simu.

Tahadhari moja ya haraka: Git inajua mistari, haijui maana. Kama kijana wa Mwanza angeiweka asilimia kwenye faili jingine na wa Iringa akabaki kwenye `riba.py`, kuunganisha kungepita kimya hata kama matokeo yana kasoro. Baada ya kila muunganisho, endesha majaribio.

Umbo hili la komiti na wazazi lina historia yake. Mifumo ya kutunza matoleo ya programu ilianza mapema miaka ya 1970, pale Marc Rochkind alipoandika SCCS huko Bell Labs, Marekani. Miaka ya 1980 Walter Tichy wa Chuo Kikuu cha Purdue akaleta RCS. Mifumo hiyo ilitunza faili mojamoja, na kwa kawaida anayetaka kuhariri faili alilifunga kwanza, wengine wakasubiri. Baadaye zikaja CVS na Subversion, ambazo ziliruhusu wengi kufanya kazi pamoja, lakini historia ilikaa kwenye seva moja ya kati. Bila kuifikia seva huwezi kuhifadhi toleo jipya.

Linus Torvalds, aliyeanzisha Linux, hakuzikubali. Kwa miaka mingi Linux ilijengwa kwa viraka vya msimbo vilivyotumwa kwa barua pepe, kisha kuanzia 2002 ikatumia BitKeeper, mfumo wa kibiashara uliotolewa bure kwa mradi huo. Mwaka 2005 ulizuka mgogoro juu ya masharti yake na ruhusa ya bure ikaondolewa. Mapema Aprili mwaka huohuo Torvalds akaanza kuandika Git, na ndani ya siku chache Git ilikuwa inatunza msimbo wake yenyewe. Linux 2.6.12, iliyotoka Juni 2005, tayari ilikuwa inatunzwa nayo. Julai akaukabidhi mradi kwa Junio Hamano, ambaye ameuongoza tangu hapo. Torvalds alihitaji maelfu ya watu waliotawanyika duniani wafanye kazi bila kuomba ruhusa ya seva moja, kwa hiyo akaamua kwamba kila mmoja awe na historia yote mkononi mwake.

Uamuzi huo unatufaa sana sisi. Tarehe niliyoiweka kwenye komiti ya mfano sikuiokota tu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya na kwa majirani kadhaa. Asubuhi ya tarehe 13, fundi wa Iringa mwenye Git angeweza kufanya komiti, kuanzisha tawi, kusoma historia ya miaka mitatu, kulinganisha matoleo na kuunganisha matawi, bila intaneti hata kidogo. Katika amri za kila siku, `push`, `fetch` na `pull` tu ndizo zinazohitaji kuwasiliana na kompyuta nyingine. Bando likiisha usiku, kazi ya kuhifadhi haisimami.

Hata kupelekeana kazi kunawezekana. Ipo amri ambayo karibu hakuna mwanafunzi anayefundishwa:

```
git bundle create riba.bundle --all
```

Inafungasha matawi yote na historia yake kwenye faili moja. Faili hilo unaliweka kwenye flashi, au unalituma kwenye WhatsApp kama waraka, au unampa mtu anayesafiri na basi. Mwenzako akilipokea anaandika `git clone riba.bundle` na anapata komiti zilezile zenye vitambulisho vilevile. Linganisha na zile folda za zip zinazozunguka kwenye makundi ya vyuo, ambazo hakuna anayejua ipi ilitangulia ipi.

Kwa hiyo GitHub ni nini? Ni mahali pa kuweka nakala moja zaidi na kukutana. Kampuni hiyo ilianza 2008, Microsoft ikainunua 2018, na zipo huduma nyingine za namna hiyo kama GitLab na Codeberg. Ina manufaa makubwa, hasa kusomeana kazi kabla ya kuunganisha. Lakini Git ni programu iliyoko kwenye kompyuta yako, na mradi wako hauhitaji akaunti ya mtu yeyote ili uwe na historia. Amri `push` inapokataliwa, mara nyingi ni kwa sababu nakala ya huko ina komiti ambazo wewe huna. Rudi kwenye mchoro: njia mbili zimeachana. Zilete kwa `git fetch`, zitazame, ziunganishe, kisha peleka. Usiongeze `--force`, yaani kulazimisha, kwa sababu mtu kwenye video ameongeza. Unaweza kuwa unaondoa kazi ya mwenzako pale mlipokutania.

Kurudi nyuma nako kuna adabu yake. Komiti ambayo wengine wameshaipata, itangue kwa `git revert`. Mhasibu mwadilifu hafuti mstari wa leja, anaandika mstari wa kusahihisha chini yake. `Revert` inafanya vivyo hivyo, inatengeneza komiti mpya inayotangua ile ya awali, na zote mbili zinaonekana. `git reset` inasogeza jina la tawi lirudi kwenye komiti ya nyuma, itumie kwa kazi ambayo bado iko kwako peke yako. Ukisogeza vibaya, usifute folda. Andika `git reflog`: ni kumbukumbu ya kila mahali `HEAD` ilipopita kwenye kompyuta hiyo, na kwa mipangilio ya kawaida komiti iliyoachwa inabaki kupatikana kwa siku 30 au zaidi. Kilichowahi kuwa komiti ni vigumu sana kukipoteza kwa bahati mbaya. Ambacho hakijawa komiti wala hakijapitia `git add`, Git haina nakala yake. Mabadiliko ya hivyo kwenye faili ambalo Git tayari inalifuatilia, `git restore` au `git reset --hard` itayaondoa na hakuna reflog ya kuyarudisha. Ndiyo sababu nawaambia vijana wafanye komiti ndogondogo, mara kwa mara, hata kabla kazi haijakamilika, mradi iko kwenye tawi lao.

Sifa hii ya kutosahau ina upande mkali, na kwa programu zinazogusa fedha lazima niuseme. Ukiweka nenosiri la hifadhidata au ufunguo wa huduma ya malipo ndani ya komiti, kisha ukalifuta faili kwenye komiti inayofuata, ufunguo bado upo. Uko kwenye picha ya zamani, na kila mwenye nakala anao. Mradi ukiwa wa wazi, chukulia kwamba mtu ameshausoma. Jambo la kwanza ni kuubatilisha ufunguo huko ulikotolewa na kuchukua mwingine. Kusafisha historia kunafuata, na peke yake hakutoshi. Vivyo hivyo kwa faili lenye majina, namba za simu na salio za wanachama. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya 2019, na orodha ya wanachama wa SACCOS haina sababu ya kuwa ndani ya historia ya msimbo. Kwa majaribio, tunga wanachama wa kubuni. Data halisi, siri na funguo ziweke nje, andika majina ya mafaili yake kwenye `.gitignore`, faili linaloiambia Git yapi isiyafuatilie, na uifanye `.gitignore` iingie kwenye komiti ya kwanza kabisa ya mradi, kabla ya `riba.py` yenyewe.